Kaandikwa yatima, kumbe mama yake alikuwa hai: namna ya kumtafuta babu ndani ya rejista za kale

Katika familia nyingi za Butembo, Beni, Lubero na Oicha, ukianza kuhesabu mababu unafika mahali hadithi inakatika. "Babu yetu alilelewa na mapadri." "Mama wa baba yetu masista njo walimkomalisha, hakuna anayejua alitoka wapi." Watu wanasema hivyo, wananyamaza, maongezi yanahamia kwa mambo mengine. Lakini siku ya kugawa shamba la ukoo, siku ya kupeleka mbuzi za mahari, siku wazee wanauliza kama vijana hawa wawili si damu moja, maneno yale yanarudi. Mtu asiyejua babu yake alitoka mlima gani anaweza kuambiwa hana fungu. Anaweza pia kuambiwa aoe tu, kumbe anamuoa mtoto wa shangazi.

Makala hii inaeleza karatasi za watoto wale ziko wapi, zinasema nini, na namna ya kuzisoma bila kudanganywa nazo. Nasema kudanganywa, juu neno la kwanza utakalolikuta ndani, neno "yatima", mara nyingi halisemi kweli.

Mlango uliokuwa mpana

Tarehe 12 Julai 1890, mfalme Leopold II, aliyekuwa anatawala Kongo kama mali yake mwenyewe, alitoa amri iliyoifanya serikali yake kuwa mlezi wa watoto waliokombolewa katika misafara ya watumwa. Lakini amri haikuishia hapo. Iliingiza pia watoto yatima, watoto walioachwa, na watoto ambao wazazi wao "hawatimizi" kazi ya kuwatunza na kuwafundisha. Mwaka 1892 amri nyingine ikaruhusu mashirika ya dini na ya msaada kuwachukua watoto wa aina hiyo na kuwa walezi wao kisheria, katika vituo vya kilimo na vya ufundi.

Nani alikuwa anaamua kama mzazi ametimiza kazi yake? Si mjomba wa mtoto, wala mwami. Alikuwa ofisa wa serikali, ambaye mara nyingi hakujua hata lugha ya mahali. Kwetu mtoto aliyefiwa na baba hajabaki peke yake: ana baba wadogo, ana wajomba, ana shangazi, ana mlima wake. Kwa aliyekuwa anajaza rejista, kutowaona baba na mama mbele ya meza yake kulitosha. Basi kwa mpigo mmoja waliingia katika jina moja mtoto aliyekombolewa kweli toka mikononi mwa wafanyabiashara wa watumwa, mtoto ambaye kijiji chake kilichomwa na wazazi wakakimbilia msituni, mtoto ambaye mama alimpeleka misheni mwenyewe wakati wa njaa akitumaini kumrudilia, na mtoto aliyechukuliwa kwa nguvu. Wote yatima.

Upande wa ziwa Tanganyika Mapadri Weupe walikuwa na vituo vya watoto wa namna hiyo tangu karne ya 19, kama Mpala na Baudouinville, ambayo leo ni Moba. Huku kwetu misheni zilifika baadaye. Mapadri wa Moyo Mtakatifu, ambao makao yao yalikuwa Stanley Falls, karibu na Kisangani ya leo, walifungua misheni ya Beni mwaka 1906. Waassomption walifika mwaka 1929. Waprotestanti walikuwa na vituo vyao pia, Katwa karibu na Butembo na Oicha upande wa Beni. Kumbuka majina haya ya mashirika, tutayarudilia: kujua ni shirika gani lilimlea babu yako ni nusu ya kazi.

Jina lenyewe ni ushahidi

Kabla ya kufungua rejista yoyote, angalia jina. Sisi Wanande, ao Wayira kama wengine wanavyopenda kusema, tuna bahati moja ambayo makabila mengi hayana: majina yetu yanahesabu. Kambale kwa kawaida ni mtoto wa kiume wa pili wa mama yake. Kasereka ni wa tatu. Kakule wa nne, Katembo wa tano. Muhindo na Kahindo ni mtoto aliyezaliwa baada ya watoto wa jinsia nyingine. Mama anaachana na mfululizo wa wasichana, anazaa kijana, anaitwa Muhindo.

Sasa tuchukue mfano. Umekuta ndani ya kitabu cha ubatizo mtoto anayeitwa Josephu Kasereka, miaka karibu mitano, "wazazi hawajulikani". Padri aliyeandika hakuona kitu cha ajabu. Mnande akisoma mstari huo anashtuka. Kasereka maana yake kulikuwa na vijana wawili mbele yake, tumbo moja. Kuna mtu aliyempa jina hilo akijua amehesabu. Huyu mtoto si mtu asiye na watu, ana wakubwa wawili mahali fulani, na kama waliishi, watoto na wajukuu wao wako hai leo, pengine kwenye mlima mwingine wa Lubero, wakiambiana kwamba mdogo wa babu alipotea.

Jina la namna hii halitoshi kumtambulisha mtu, juu akina Kasereka ni maelfu. Lakini linabadilisha ulizo. Huulizi tena "babu alitoka wapi?" Unauliza "ni mama gani aliyekuwa na vijana watatu, na wa tatu hakurudi?" Ulizo la pili wazee wanaweza kulijibu. La kwanza wanatikisa tu kichwa.

Uwe mwangalifu na maandishi. Padri kutoka Uholanzi, padri kutoka Ufaransa na katekista wa hapa hawakusikia kwa sikio moja. Utakuta Kavira na Kabira, Mumbere na Mumbeere, b na v zinabadilishana, l na r pia. Usiache kurasa kwa sababu herufi moja haikubali. Majina ya miji nayo yamebadilika: barua ikisema Stanleyville ni Kisangani, Costermansville ni Bukavu, Astrida ni Butare ya Rwanda.

Watoto wa baba mzungu

Kuna kundi moja ambalo habari yake imefika mpaka mahakamani, na ndilo linaloonyesha wazi kabisa namna neno yatima lilivyotumika. Ni watoto metisi: mama mwafrika, baba mzungu.

Hapa Kivu wazungu hawakuwa wachache. Komite ya Taifa ya Kivu, CNKi, iliyoanzishwa mwaka 1928, iligawia masetla ardhi. Kampuni ya madini MGL ilichimba dhahabu upande wa Manguredjipa, na mji wa Butembo umekua karibu na kazi zake. Kulikuwa mashamba ya kahawa chini ya Ruwenzori, wafanyabiashara Wagiriki, maajenti wa serikali. Wengi walikuja bila wanawake wao. Watoto wakazaliwa. Baba wachache waliwatambua, wengi walirudi Ubelgiji kimya.

Serikali ya koloni iliwaona watoto hao kama hatari kwa utawala wenyewe, ambao ulitegemea mpaka kati ya mweupe na mweusi. Ikaagiza watafutwe, watolewe kwa mama zao, wapelekwe misheni za mbali. Mbali ilikuwa na kusudi: mama asiweze kufika kwa miguu. Kasai watoto walipelekwa Katende. Upande wetu wa mashariki mahali palipojulikana sana ni Save, karibu na Astrida, kwa masista weupe. Walikuwa hapo watoto wa Ruanda-Urundi na wengine wa upande wa Kongo. Uhuru ulipokaribia, kati ya 1959 na 1961, watoto karibu 300 wa Save walipandishwa ndege kwenda Ubelgiji, wakagawanywa kwa familia na kwa nyumba za watoto. Ndugu wa tumbo moja waliachanishwa. Wengine walibadilishiwa majina, wengine wakapewa tarehe ya kuzaliwa ya kubahatisha.

Mama zao walikuwa hai. Hilo halibishaniwi tena. Maaskofu wa Ubelgiji waliomba msamaha mwaka 2017 kwa kazi ambayo kanisa lilifanya katika jambo hilo. Bunge la Ubelgiji lilipiga kura ya azimio mwezi wa tatu 2018, na tarehe 4 Aprili 2019 waziri mkuu Charles Michel aliomba msamaha kwa jina la serikali mbele ya bunge. Wanawake watano waliochukuliwa wakiwa wadogo na kupelekwa Katende hawakutosheka na maneno, wakashtaki serikali ya Ubelgiji. Mwaka 2021 walishindwa. Tarehe 2 Desemba 2024 mahakama ya rufaa ya Brussels iliwapa haki: ilisema kuwatafuta na kuwanyakua watoto kwa mpango, kwa sababu tu ya rangi ya wazazi wao, ilikuwa tendo la jinai dhidi ya ubinadamu, na ikaamuru kila mmoja alipwe euro 50.000.

Kwa anayetafuta babu, kesi hiyo ina faida nyingine. Imeonyesha kwamba karatasi zipo. Ofisa aliyemchukua mtoto aliandika: barua kwa mkubwa wake, ripoti ya msafara, orodha ya watoto, mara nyingine jina la mama na kijiji chake. Rejista ya misheni inasema "wazazi hawajulikani", barua ya teritware inasema mama fulani wa kijiji fulani amelia na kukataa. Ni mtoto yuleyule.

Tangu azimio la 2018, Arshivu za Serikali ya Ubelgiji zimeanzisha kazi inayoitwa Résolution-Métis, kukusanya habari za karatasi hizo na kuwasaidia metisi na wazao wao kuona dosie zao. Arshivu za koloni zilizokuwa kwenye wizara ya mambo ya nje zimehamishiwa huko. Mjukuu anayeishi Butembo ana haki ya kuandika kuuliza sawa na yule anayeishi Liège. Barua ya kawaida ya Kifaransa inatosha, ikiwa na jina la mtoto kwa maandishi yote yanayowezekana, jina la mama, mahali, miaka ya kukisia, na uthibitisho kwamba wewe ni mzao wake.

Anza nyuma, rudi mbele

Watu wengi wanakosea hapa. Wanakimbilia kitabu cha ubatizo na wanakuta hakuna kitu. Anza na kifo, kisha ndoa, kisha ubatizo. Kwa nini? Kwa sababu ya namna kanisa katoliki linavyoandika.

Padri anapobatiza mtoto anaandika tarehe, jina la mtakatifu, jina la nyumbani, wazazi, msimamizi. Mtoto huyo akioa miaka 20 baadaye kwenye parokia nyingine, padri wa huko anapaswa kutuma habari kwenye parokia ya ubatizo, na ndoa hiyo inaandikwa kando ya mstari wa ubatizo. Hivyo ukingo wa ukurasa, pale watu hawaangalii, njo unasema mtoto alielekea wapi. Na kitabu cha ndoa kinasema alibatizwa wapi. Vitabu viwili vinaonyeshana kidole.

Kuna jambo lingine ndani ya kitabu cha ndoa. Kanisa linakataza ndugu wa karibu kuoana, kwa hiyo padri alikuwa anauliza kwa makini: baba yako nani, mama yako nani, mlima gani, ukoo gani. Kijana aliyekuwa na miaka mitatu wakati wa ubatizo hakuweza kujibu. Akiwa na miaka 22 alikuwa ameshakutana na watu sokoni, ameshasikia mambo, pengine mjomba ameshamtokea. Ndiyo maana hutokea mtu aandikwe "wazazi hawajulikani" kwenye ubatizo, na kwenye ndoa yake jina la mama likawepo. Kama una nafasi ya kuomba ukurasa mmoja tu, omba wa ndoa.

Vitabu vya kale viliandikwa kwa Kilatini. Usiogope, maneno yanarudirudi. Pater ignotus ni baba hajulikani. Parentibus ignotis ni wazazi hawajulikani. In periculo mortis ni aliyebatizwa akiwa katika hatari ya kufa, na hao ni wengi kati ya watoto waliookotwa. Filius naturalis ni mtoto wa nje ya ndoa. Na hapa sheria ya kanisa ya mwaka 1917 inasaidia: kwa mtoto wa nje ya ndoa, jina la mama liliandikwa kama lilijulikana waziwazi, ila la baba halikuandikwa bila yeye mwenyewe kukubali. Basi ukikuta baba hajulikani lakini mama yupo, usifikirie kwamba baba hakujulikana kijijini. Alijulikana sana. Hakukubali tu.

Angalia pia msimamizi. Kama watoto kumi wa ukurasa mmoja wana msimamizi mmoja, huyo ni katekista wa kituo, hatakupeleka popote. Kama mtoto wako ana msimamizi wa kwake peke yake, andika jina hilo. Anaweza kuwa shangazi.

Nyumbani nako kuna karatasi ambazo watu wanaziacha zioze. Wakati wa koloni mwanaume mzima alipaswa kutembea na kitabu kidogo cha utambulisho, kinachotaja sheferi, kijiji na wazazi wake. Fungua masanduku ya wazee. Ukikuta Baswagha, Bashu, Batangi, Bamate, Watalinga au Bapere kimeandikwa pale, eneo la kutafuta limeshapungua sana.

Na uliza kuhusu mbuzi. Ni ulizo ambalo halipo katika kitabu chochote cha arshivu, lakini kwetu linafanya kazi: yule babu aliyelelewa na mapadri, nani alimtolea mahari? Kama ni misheni, sawa, hadithi ya yatima inasimama. Kama kuna mtu alileta mbuzi, hata tatu tu, mtu huyo alikuwa ndugu yake, na wazee watakumbuka mbuzi vizuri kuliko tarehe.

Kitabu kimeungua?

Jibu ambalo watu wanalipata mara kwa mara ni kwamba vitabu vimeungua. Inawezekana. Mwaka 1964 Wasimba walifika huku, misheni nyingi ziliporwa. Baadaye zikaja vita za tangu 1996, na panya na mvua havikungojea vita. Lakini ile sheria ya 1917 ilidai kwamba mwisho wa kila mwaka padri atume nakala ya vitabu vya parokia kwa askofu. Haikufuatwa kila mahali, ila mahali ilipofuatwa kuna kitabu cha pili.

Sasa, askofu gani? Hapo historia ya mipaka inaingia. Beni ilikuwa chini ya Stanley Falls mpaka 1934, ilipotengwa kuwa misheni ya kujitegemea. Mwaka 1938 ikawa vikariati, 1959 dayosisi, na tangu 1967 inaitwa Butembo-Beni. Kwa hiyo mtoto aliyebatizwa Beni mwaka 1925, nakala yake itafutwe Kisangani. Wa mwaka 1950, itafutwe Butembo kwa uaskofu. Mtu anayekwenda Butembo kuomba ya 1925 ataambiwa haipo, na ataambiwa ukweli.

Mashirika yenyewe nayo yana arshivu zao kuu Roma: Waassomption, mapadri wa Moyo Mtakatifu, Mapadri Weupe. Hawa wa mwisho walikuwa na kawaida ya kuandika diari ya kila kituo, siku kwa siku: nani alifika, mvua gani ilinyesha, mtoto gani aliletwa na nani. Kwa Waprotestanti mambo ni mengine, juu wengi wao hawabatizi watoto wachanga. Mtoto aliyelelewa Katwa au Oicha anaweza kuonekana mara ya kwanza kwenye orodha ya shule au ya hospitali, na ubatizo wake ukaja akiwa kijana mkubwa.

Ukifika kwa paruwasi, usiombe "kuona vitabu". Padri atakataa, na ana haki, mle mna siri za watu wengine. Omba dondoo la mtu mmoja, kwa jina, kwa miaka. Sheria ya kanisa ya sasa, ya 1983, inampa mtu haki ya kupata nakala ya karatasi zinazohusu hali yake mwenyewe, yeye au aliyemtuma. Kwa babu aliyekufa utaonyesha kwamba wewe ni mzao wake, na hapo mengi yanategemea moyo wa padri na namna ulivyoingia. Chukua mzee wa familia uende naye. Na yeyote anayekuambia umtumie pesa kwa simu ili akuletee "dosie ya Ubelgiji", mwambie hapana.

Rejista zinazoandikwa leo

Katika Beni na Butembo kuna rejista za watoto zinazojazwa mwaka huu, mwezi huu. Mauaji ya upande wa Beni yalianza Oktoba 2014 na hayajaisha. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikaisha tarehe 25 Juni 2020, ikiwa imeua watu zaidi ya 2.200. Wakati ule watoto wachanga ambao mama zao walikuwa ndani ya vituo vya matibabu walitunzwa na watu waliopona, juu wao walikuwa na kinga. Wengine walirudi mikononi mwa mama. Wengine mama hakutoka. Na kila shambulio la Oicha, Eringeti au Mbau linaacha watoto wanaofika mjini juu ya pikipiki ya mtu wasiyemjua.

Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inasema kila mtoto aandikishwe kwa serikali ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Kwa mtoto aliyepita siku hizo kuna hukumu ya mahakama ya watoto inayosimama mahali pa cheti. Familia nyingi zilizokimbia hazina lolote kati ya hayo mawili. Basi daftari la nyumba ya watoto, ao la familia iliyompokea, linabaki karatasi ya kwanza na pengine ya pekee ya maisha yake. Msalaba Mwekundu na watu wa maswala ya jamii wanafanya kazi ya kutafuta ndugu, lakini wanatafuta kwa yale yaliyoandikwa siku ya kwanza.

Nimeona madaftari ambayo mstari mzima ni jina la Kifaransa, miaka, na "O.P.M.", yatima wa baba na mama. Jina la Kinande halipo, limechukuliwa kama kitu cha nyumbani. Njo kusema Kasereka amefutwa, na wakubwa wake wawili wamefutwa pamoja naye. Ni kosa lilelile la 1925, ila safari hii kalamu ni ya kwetu.

Mama unayepokea watoto, ao wewe kijana unayejaza fishi kwa shirika, andika jina la nyumbani kwanza. Andika nani alimleta, hata kama ni jina la motari tu na mahali alipomchukulia. Andika lugha anayoongea usingizini. Andika kama kuna mtu amesema wazazi wamekufa na alijuaje, maana "wamekufa" na "hawajaonekana tangu siku ile" si neno moja. Usimuulize mtoto wa miaka minne lokalite yake, hajui. Muulize mama wa mama yake walimwita nani, maji walikuwa wanachota wapi, shule ya wakubwa wake ilikuwa na rangi gani. Muulize leo, kwa lugha yake, kabla hajazoea kuitikia jina jipya.